Namna ya Kuchagua Nchi Nafuu ya Kuishi kwa Familia Inayofanya Kazi kwa Mtandao

Hapa Dar es Salaam wapo wazazi wengi ambao hawajawahi kukutana ana kwa ana na mwajiri wao. Ni waandishi wa programu, wafasiri, wahasibu na wasanifu wa michoro, wanaofungua kompyuta mpakato Tabata, Mbezi au Kigamboni na kulipwa kwa dola, euro au pauni. Kwa watu wa namna hii swali la kuhamia nchi nyingine kwa mwaka mmoja au miwili ni swali la haki kabisa: ikiwa mshahara unaingia popote nilipo, na ikiwa ipo nchi ambayo watoto watasoma vizuri na fedha itabaki mwisho wa mwezi, kwa nini tusiende?

Tatizo ni kwamba miongozo mingi inayozungumzia nchi nafuu imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pasipoti ya Ulaya au Marekani, asiye na mtoto, anayebeba begi moja. Mtu huyo huangalia bei ya chumba na bei ya chakula, basi. Mzazi wa Dar mwenye pasipoti ya Tanzania na watoto wawili au watatu akiifuata njia hiyo atapoteza muda na nauli, kwa sababu kodi ya nyumba, ambayo wengi huanza nayo, kwake ni jambo la mwisho kuangaliwa. La kwanza ni sheria ya kuingia na kukaa, la pili ni watoto, na baada ya hapo ndipo yanafuata afya, saa za kazi, kodi ya mapato na pango.

Anzeni na pasipoti

Tangu mwaka 2020 nchi nyingi zimeanzisha viza au vibali maalumu kwa watu wanaofanya kazi kwa mbali kwa mwajiri aliye nje ya nchi hizo. Vibali hivi vinafanana kwa sura: unaonyesha mkataba, taarifa za benki na bima ya afya, kisha unaruhusiwa kukaa miezi sita, mwaka au zaidi bila kuingia katika soko la ajira la nchi hiyo. Vinatofautiana katika mambo mawili yenye uzito kwetu, yaani nani anaruhusiwa kuomba, na anatakiwa awe na kipato cha kiasi gani baada ya mke au mume na watoto kuhesabiwa.

Kuhusu nani anaruhusiwa, msidhani kwamba tangazo la nchi linawahusu watu wote. Mpango wa Cabo Verde, kwa mfano, ulifunguliwa kwa raia wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi za ECOWAS, yaani jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, na nchi zinazozungumza Kireno. Mtanzania hayumo, hata kama visiwa hivyo ni vya Afrika. Uturuki nayo ina orodha yake ya mataifa yanayokubaliwa, na sisi hatupo. Kwa hiyo, kabla ya kusoma habari za fukwe na masoko, tafuteni orodha ya uraia unaokubaliwa katika tovuti ya serikali husika, na kama haipo, andikeni barua pepe ubalozini mkapate jibu la maandishi.

Kuhusu kipato, tuchukue mfano wa familia ya baba, mama na watoto wawili, ambayo mzazi mmoja analipwa dola 2,600 kwa mwezi na kampuni ya nje. Mauritius, kupitia kibali chake kiitwacho Premium Visa kilichoanza mwaka 2020, hutaka mwombaji awe na dola 1,500 kwa mwezi na dola 500 zaidi kwa kila mtoto anayemtegemea. Familia hii inahitaji dola 2,500, kwa hiyo inapita, ingawa kwa kubanana. Kibali chenyewe ni cha mwaka mmoja, na kinaweza kuongezwa. Namibia, iliyoanza mwaka 2022, hutaka dola 2,000 kwa mwombaji, 1,000 kwa mwenza na 500 kwa kila mtoto, jumla dola 4,000, na kibali ni cha miezi sita tu. Hapo familia yetu inakwama. Malaysia ina kibali cha DE Rantau, ambacho kwa mtu wa kazi za teknolojia ya habari hutaka kipato cha dola 24,000 kwa mwaka, sawa na 2,000 kwa mwezi, na kinaruhusu kuongozana na mwenza na watoto. Kwa kazi zisizo za teknolojia kiwango kinapanda hadi dola 60,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mwandishi wa programu wa Sinza anapita pale ambapo mfasiri wa Sinza mwenye mshahara uleule hapiti.

Afrika Kusini, ambayo Mtanzania huingia bila viza kwa ziara ya hadi siku 90, iliweka kibali cha kazi za mbali mwaka 2024 kwa wenye kipato cha zaidi ya randi 650,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kinaiacha nje familia ya mfano wetu. Thailand inafuata njia nyingine: badala ya mshahara wa mwezi, kibali chake cha DTV, kilichoanza Julai 2024, hutaka akiba ya baht 500,000, ada yake ni baht 10,000, na hudumu miaka mitano huku kila ukaaji ukiwa na kikomo cha siku 180. Ureno, ambayo watu wengi huitaja, hudai mara nne ya kima chake cha chini cha mshahara. Kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa euro 3,480 kwa mwombaji peke yake, na familia huongezewa juu yake. Kwa watu wengi wa kwetu Ureno si nchi nafuu, hata kama samaki na mkate wa kule vina bei nzuri.

Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, mara nyingine katikati ya mwaka. Vitumieni kuchujia orodha yenu ya kwanza, kisha thibitisheni ubalozini au katika tovuti ya serikali kabla ya kulipa chochote. Na yeyote anayewaahidi kibali kwa malipo ya haraka pasipo kuona mkataba wa kazi, mwepukeni.

Majirani wanaosahauliwa

Ni jambo la kusikitisha kwamba familia nyingi hutafuta nchi mbali kabla ya kuangalia zilizo mlangoni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, na chini yake raia wa nchi mwanachama huweza kupewa ruhusa ya kuingia na kukaa kama mgeni kwa hadi miezi sita bila kulipia viza. Ruhusa hiyo ya ugeni haimaanishi kwamba mmeruhusiwa kila kitu, na anayetaka kukaa zaidi au kusajili shughuli zake anatakiwa kufuata utaratibu wa kibali. Hata hivyo Kenya na Rwanda zimeondoa ada ya vibali vya kazi kwa raia wa Jumuiya, na hilo peke yake ni fedha nyingi ukilinganisha na anacholipa mgeni kutoka nje ya Jumuiya.

Faida kubwa zaidi ya majirani ni barabara. Basi la Mombasa linapita Horohoro, la Nairobi linapita Namanga, na la Kigali linapita Rusumo. Jambo hili halionekani katika jedwali lolote la gharama za maisha, lakini kwa familia ya Kitanzania ni kubwa, kwa sababu sisi hurudi nyumbani. Mama akilazwa Muhimbili, mtu anarudi. Msiba ukitokea Korogwe au Mbeya, mtu anarudi, na mara nyingi harudi peke yake. Familia ya watu wanne iliyoko Mombasa itapanda basi alfajiri na kuwahi mazishi. Iliyoko Kuala Lumpur, Malaysia, itanunua tiketi za ndege kwa bei ya siku hiyohiyo, au atakuja mmoja na wengine wabaki na uchungu wao. Kwa hiyo katika bajeti ya nchi yoyote ya mbali wekeni fungu la safari mbili za dharura kwa mwaka, kwa tiketi zisizopangwa mapema. Nchi nyingi zilizoonekana nafuu hupanda bei ghafla mstari huo ukishaandikwa.

Lugha nayo ina thamani ya fedha. Kenya watoto wataendelea na Kiswahili shuleni, na Rwanda iliifanya lugha hiyo kuwa rasmi mwaka 2017, ingawa mtaani mtoto atakutana na Kinyarwanda na darasani na Kiingereza. Mzazi anayeweza kuzungumza na fundi bomba, mwenye nyumba na muuguzi bila mkalimani hulipa bei anayolipa mwenyeji, na hili huonekana tangu wiki ya kwanza sokoni.

Bajeti ya kweli huanzia Dar

Hamwezi kujua kama nchi fulani ni nafuu kama hamjui mnatumia nini hapa. Chukueni daftari, au faili la kompyuta, mwandike matumizi ya miezi mitatu bila kuficha kitu: pango, Luku, maji, mtungi wa gesi, ada, basi la shule, bando la intaneti, bajaji, soko, dawa, mshahara wa dada wa kazi, fedha za wazazi, na michango. Kisha kwa kila mstari jiulizeni swali moja: tukihama, mstari huu utafutika, utabaki, au utabadilika?

Mistari miwili huwadanganya watu. Wa kwanza ni michango na matumizi ya wazazi. Haifutiki. Kundi la kamati ya harusi litakuwa katika simu yako Port Louis, Mauritius, kama lilivyokuwa Kimara, na wapo watakaoamini kwamba aliyehamia nje ana zaidi, hivyo wakamwandikia kiasi kikubwa zaidi. Kubalianeni nyumbani mapema ni kiasi gani kwa mwezi kitakwenda kwa ndugu, na mkiingize katika bajeti kama mnavyoingiza pango.

Wa pili ni dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za Dar ambamo wazazi wote wawili wanafanya kazi, mtu anayewezesha kazi hiyo ni dada: ndiye anayemwogesha mtoto, anayempeleka kituoni kusubiri basi la shule, anayepika mchana, na anayembeba mdogo mgongoni wakati mama yuko katika kikao cha mtandaoni. Vibali tulivyovitaja humhusu mwenza na watoto, yeye hahusiki. Ukifika Mauritius au Malaysia kazi yake yote itagawanywa kati ya mama, baba na kituo cha kulelea watoto kinacholipiwa. Nimeona familia zikipiga hesabu ya pango kwa umakini mkubwa na kusahau jambo hili kabisa, kisha mzazi mmoja akalazimika kupunguza saa za kazi, na mshahara uliokuwa msingi wa safari yote ukapungua. Andikeni ratiba ya siku moja ya kazi, kuanzia alfajiri hadi watoto walale, mkiweka jina la mtu mbele ya kila kazi ya nyumbani. Kama kuna saa isiyo na jina, itafutieni fedha.

Pango lenyewe lina utaratibu wake kila mahali. Hapa tumezoea mwenye nyumba anayetaka miezi sita au mwaka mzima mkupuo, na dalali anayechukua mwezi mmoja. Malaysia desturi ni amana ya miezi miwili, nusu mwezi kwa ajili ya umeme na maji, pamoja na pango la mwezi wa kwanza, yaani miezi mitatu na nusu kabla ya kupewa ufunguo. Kwa familia inayohama, tofauti ya kiasi cha kuanzia ni muhimu kuliko tofauti ya pango la mwezi, kwa sababu fedha hiyo hutoka wakati uleule mnaponunua tiketi, bima na sare za shule. Ulizeni pia kama nyumba ina samani. Nyumba tupu yenye pango dogo, kwa mtu anayekaa mwaka mmoja, ni ghali kuliko yenye vitanda, jiko na friji.

Bei zenyewe msizichukue kwenye tovuti za wastani wa dunia pekee, maana takwimu zake hujazwa zaidi na wageni wanaoishi mitaa ya wageni. Ni kama kumwuliza mtu wa Masaki bei ya maisha ya Dar. Tafuteni Watanzania waliopo huko, kwa kuwa karibu kila mji mkubwa una jumuiya yao na kundi lao la WhatsApp, na waulizeni maswali yenye jibu la namba: unalipa pango kiasi gani na mtaa gani, mchele wa mwezi unagharimu nini, daktari wa watoto alikutoza kiasi gani mara ya mwisho.

Watoto na kalenda ya shule

Umri wa watoto ndio unaoamua mwaka wa kuhama. Mtoto wa chekechea hubebeka. Mtoto aliye karibu na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi au wa kidato cha nne ni jambo jingine, na ushauri wangu ni kwamba familia isimhamishe katika mwaka wa mtihani wala mwaka unaoutangulia, hata kama nafasi ni nzuri kiasi gani.

Angalieni mwaka wa masomo unaanza lini. Sisi tunaanza Januari, na ndivyo zilivyo Kenya, Namibia, Mauritius na Afrika Kusini. Rwanda na Ureno huanza Septemba, Thailand Mei. Mtoto anayemaliza darasa Desemba na kuhamia nchi ya Septemba atakaa miezi minane bila darasa jipya, au ataingizwa katikati ya mwaka kwa masharti ya shule.

Jambo la pili ni lugha ya kufundishia na lugha ya kuchezea. Mauritius watoto husoma kwa Kiingereza, lakini uwanjani ni Kikrioli na Kifaransa. Malaysia shule za serikali hufundisha kwa Kimalei, hivyo watoto wengi wa kigeni huishia shule binafsi, na ada yake ndiyo huweza kuubomoa unafuu wote wa pango na chakula. Kwa familia yenye watoto watatu wa shule ningesema waziwazi: ada ndiyo bei ya nchi. Andikeni kwa shule mbili au tatu za kawaida, mwombe jedwali la ada lenye mambo yote, pamoja na usajili, vitabu, usafiri na chakula.

Wapo wanaofikiria kuwafundisha watoto nyumbani kwa mtaala wa mtandaoni ili kukwepa ada. Inawezekana, lakini ni kazi ya mtu mzima mmoja kila asubuhi, na ule mstari wa ratiba usio na jina unarudi tena.

Fikirieni pia kurudi. Mtoto aliyesoma mtaala wa kigeni akirejea sekondari au chuo hapa atahitaji vyeti vyake vilinganishwe na Baraza la Mitihani, kwa hiyo hifadhini kila ripoti ya muhula yenye mhuri, na msikubali shule isiyotambuliwa na serikali ya huko.

Afya

Msihesabu kadi ya bima mliyonayo hapa, kwa kuwa imetengenezwa kwa hospitali za hapa. Karibu kila kibali cha kazi za mbali hudai bima itakayotumika katika nchi husika, nayo kwa familia ni gharama ya mwaka mzima ambayo mara nyingi hulipwa mkupuo. Someni mambo matatu katika mkataba wa bima: uzazi, magonjwa mliyokuwa nayo kabla, na kiasi mnachotoa mfukoni kila mnapotibiwa. Mwenye pumu, kisukari au selimundu katika familia apate jibu la maandishi kabla ya malipo. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya kila mmoja, kwani baadhi ya nchi huidai kwa msafiri anayetoka kwetu.

Saa, umeme na intaneti

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ofisi ya London ikifunguliwa saa tatu asubuhi, Dar ni saa tano au saa sita kutegemea majira yao, na siku ya kazi huishia jioni yetu. Kuala Lumpur itakuwa saa kumi au saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mzazi ataanza kazi watoto wanaporudi kutoka shule na kumaliza usiku wa manane. Mwajiri akiwa New York ni vigumu zaidi: saa tatu yao ya asubuhi ni saa kumi au kumi na moja jioni Dar, na Kuala Lumpur ni saa tatu au saa nne usiku. Kazi ya usiku kwa mwaka mzima, na watoto wanaoamka saa kumi na mbili, huchosha ndoa na mwili. Mwenye mwajiri wa Ulaya namshauri abaki katika nchi za Afrika au Mauritius, ambayo ni saa moja tu mbele yetu. Mwenye kazi isiyo na vikao vya lazima ana uhuru mpana zaidi.

Intaneti isiulizwe kwa kasi pekee. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, watu wengi wa Dar walikaa bila mtandao wa kutegemewa kwa siku kadhaa, na walioendelea na kazi ni wale waliokuwa na njia ya pili. Swali la kumwuliza mwenye nyumba ni je, mtaa huu una faiba, na ikikatika tunatumia nini? Kenya na Rwanda zina huduma ya intaneti ya satelaiti ya Starlink tangu mwaka 2023, nayo ni njia ya pili inayofaa. Kuhusu umeme, ulizeni mgawo wa umeme ulikuwaje mwaka uliopita, kisha wekeni katika bajeti betri na inveta ya kuendesha kompyuta na ruta kwa saa nne.

Kodi ya mapato na ruhusa ya mwajiri

Sheria yetu ya Kodi ya Mapato humhesabu mtu kuwa mkazi akiwa na makazi ya kudumu Tanzania na akawapo nchini sehemu yoyote ya mwaka, au akiwapo kwa siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato, au akiwa na wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mkazi hutozwa kodi kwa kipato chake cha duniani kote. Kwa hiyo anayeacha nyumba yake Goba na kurudi kila likizo asidhani kwamba amemalizana na TRA kwa sababu amevuka mpaka. Upande wa pili nchi mnayohamia nayo huhesabu siku: Mauritius kwa kawaida ni 183, Malaysia 182. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi chache, zikiwemo Afrika Kusini, Zambia na India. Pale ambapo hakuna mkataba, lipieni saa moja ya mshauri wa kodi kabla ya kuhama, maana hiyo ni fedha ndogo kuliko kodi mbili.

Mwajiri naye aambiwe. Kampuni nyingi zina kanuni za nchi ambazo mfanyakazi anaweza kufanyia kazi, kwa sababu za kodi na usalama wa taarifa. Barua yake ya kukubali ndiyo hiyohiyo itakayoambatishwa katika maombi ya kibali.

Vyeti

Fungueni bahasha ya vyeti leo, si wiki ya safari. Wekeni mezani pasipoti ya kila mtu, kwa kuwa mtoto naye anahitaji yake, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cheti cha ndoa na vitambulisho vya NIDA, kisha msome kila jina herufi kwa herufi. Cheti cha mtoto kinaweza kuandika mama Mwanaidi, pasipoti ya mama ikaandika Mwanaid, na cheti cha ndoa kikawa na jina la ukoo ambalo halimo kwingine. Hapa nyumbani tofauti hiyo hupita. Kwa afisa wa nchi nyingine hawa ni watu wawili. Marekebisho huanzia kwa wakili, kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kisha RITA au Uhamiaji, na huchukua muda. Baada ya hapo vyeti huhitaji kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na mara nyingi na ubalozi wa nchi mnayokwenda. Polisi nao hutoa hati ya tabia njema kwa alama za vidole. Kama mzazi mmoja atatangulia au atasafiri na watoto peke yake, mwenzake aandike ridhaa mbele ya wakili.

Mwezi wa majaribio

Orodha ikibaki na nchi mbili, nendeni mkae moja kwa mwezi katika likizo ya Juni, wakati watoto wapo huru na shule nyingi za huko zimefunguliwa mkaweze kuzitembelea. Desemba haifai: bei za nyumba za muda hupanda, ofisi hufungwa, na Mauritius ni msimu wa vimbunga. Msikae hotelini. Pangeni nyumba katika mtaa ambao mngeumudu mwaka mzima, fanyeni kazi kwa saa zenu kamili, nunueni chakula sokoni, pandeni basi la umma, na mpelekeni mtoto kwa daktari wa meno hata kama ni kwa kuangaliwa tu. Andikeni kila matumizi katika daftari lilelile mlilotumia Dar, safu ya pili kando ya ya kwanza.

Mkishaamua, msikate kila kamba. Kama nyumba ni yenu, ipangisheni kwa mkataba wa mwaka mmoja ili mwaka huo ukiisha muwe na pa kurudi. Laini ya simu iliyounganishwa na benki iendelee kutumika huko mnakokwenda, kwa sababu laini inayokaa kimya muda mrefu hufungwa, na bila ya namba ile ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi hamtaweza kugusa akaunti yenu. Wekeni kando nauli ya kuirudisha familia yote pamoja na matumizi ya miezi mitatu ya Dar, katika akaunti ambayo haiguswi. Baada ya miezi sita kaeni tena na daftari, mkiwa na watoto wenye umri wa kusema wanavyoona, mlinganishe safu ya pili na ya kwanza kabla ya kuomba kibali kiongezwe.